Mdudu kwenye sahani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wageni wanaokula vibandani Kampala

Ukurasa huu ni wa Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi wanaoishi Uganda kwa masomo au kazi, na wanaokula vibandani kwa sababu ndiko mfuko unakoruhusu. Maswali haya huja kila muhula, wapya wanapofika mitaa ya Kansanga, Kikoni na Wandegeya. Penye hatari nimejibu kwa kirefu. Pasipo na neno nimepita haraka.

Nimepasua harage kwenye kikomando nikakuta mdudu ndani. Niendelee kula?

Kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharage, kimewalisha wanafunzi wengi wa mji huu kuliko chakula kingine chochote cha bei yake. Mdudu unayemkuta humo karibu kila mara ni fukusi wa maharage. Akiwa mkubwa ana rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, urefu wake milimita tatu hivi. Akiwa buu ni mweupe, mnene, amejikunja ndani ya punje. Yai hutagwa, shambani au ghalani, juu ya punje au kati ya punje na punje, buu likianguliwa linatoboa na kuingia, linakula na kukulia humohumo, na mdudu anapokomaa anatoka kwa kufungua kijidirisha cha mviringo.

Fukusi hana sumu wala haambukizi binadamu ugonjwa, na maharage yamechemka saa nzima au zaidi. Ukikuta mmoja au wawili, watoe na uendelee kula.

Lakini kabla ya kuendelea, koroga sahani na uiangalie yote. Ikiwa punje nyingi zina matundu, mchuzi una uchungu na unanukia vumbi la ghala, basi weka kijiko chini. Hapo unakula maganda na kinyesi cha wadudu, lishe imeshaliwa na wenyewe. Na gunia lililoliwa kiasi hicho mara nyingi limekaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu, ambako kuna adui mwingine asiyeonekana kwa macho. Nitamfikia kwenye swali la unga.

Nimeshammeza. Je?

Hakuna kitu. Tumbo linammeng'enya kama linavyomeng'enya nyama. Anayepaswa kuwa macho ni mtu ambaye akila kamba wa baharini anavimba au kuwashwa, kwa sababu protini ya kamba na ya wadudu zinafanana. Huyo akihisi midomo inavimba au pumzi inabana, aende kituo cha afya mara moja, asisubiri.

Ni wadudu gani wanaotosha kuacha chakula palepale?

Watatu: mende, funza na nzi wengi.

Mende anatembea chooni, kwenye mfereji wa maji machafu na jikoni usiku uleule, na miguuni hubeba vijidudu kama salmonela. Ukimkuta mende ndani ya mchuzi, suala si yule mmoja. Mende hujificha mchana, kwa hiyo anayeonekana ana ndugu wengi nyuma ya makabati. Usile, na jikoni hapo usirudi hadi uone mabadiliko.

Funza kwenye nyama au samaki maana yake nzi alitaga, mayai yakaanguliwa, na muda wote huo nyama ilikuwa kwenye joto. Hata ikichemshwa upya, baadhi ya bakteria huwa wameshaacha sumu isiyoharibika kwa moto. Hili halina mjadala.

Suala la nzi linataka busara kidogo. Nzi hali kwa kutafuna. Hutapika mate juu ya chakula ili kukilainisha, kisha hufyonza. Akitoka kwenye kinyesi akatua kwenye sahani, ameleta kuhara, homa ya matumbo, na kukiwa na mlipuko, hata kipindupindu. Nzi mmoja aliyedondoka kwenye chai ya moto hanishtui. Kundi la nzi juu ya kachumbari, matunda yaliyokatwa au nyama iliyopoa linanishtua sana, kwa sababu vyakula hivyo havirudi tena motoni. Kampala nashauri hivi: kula kinachotoa moshi, na kachumbari jitengenezee nyumbani.

Kwa nini wadudu wanapatikana zaidi kwenye chakula cha bei nafuu? Wapishi ni wachafu?

Swali hili naombwa kulijibu mara nyingi, na linaniuma likiulizwa kwa dharau. Wapishi wengi wa vibandani ni wasafi kuliko tunavyowafikiria. Tatizo linaanzia mbali zaidi ya sufuria.

Nimekaa na mama mmoja wa Kikoni anayepika sufuria mbili kubwa za maharage kila siku. Anaanza saa kumi alfajiri kwa mwanga wa tochi ya simu. Anamwaga maharage kwenye beseni, anajaza maji, yanayoelea anayakomba kwa kiganja na kuyatupa, anabadilisha maji, anakomba tena. Yanayozama yanaingia sufuriani. Kazi hiyo anaifanya kwa uangalifu kabisa, na bado fukusi wanapita, kwa sababu harage lenye buu changa bado ni zito na linazama kama harage zima. Nyumbani kwenu kikombe kimoja cha maharage huchambuliwa kwenye ungo punje kwa punje. Yeye ana kilo nyingi na giza.

Ongeza na hili: maharage huanza kushambuliwa shambani kabla hata ya kuvunwa, wakulima wengi hawana ghala lisilopitisha hewa, na gunia la bei ya chini sokoni Owino au Kikuubo ndilo lililokaa zaidi. Anayeuza sahani kwa shilingi elfu mbili au tatu hawezi kununua la juu. Mlaji wa mgahawa wa Kololo, mtaa wa wenye pesa, hali maharage ya nchi nyingine. Anakula yaliyochambuliwa na mtu aliyelipwa kuchambua.

Na msidhani nchi tajiri zimemaliza jambo hili. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, kwa unga wa ngano huanza kuchukua hatua wastani unapofika vipande 75 vya wadudu kwa gramu 50. Kwa siagi ya karanga ni vipande 30 kwa gramu 100. Chini ya hapo, unga unauzwa.

Posho ya hosteli ina vidudu vyeusi na unga una utando. Tupike?

Posho ndiyo ugali wetu, na mahindi yana wadudu wake. Kuna fukusi mwenye mdomo mrefu anayetoboa punje. Kuna dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati akaingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akaenea hadi huku. Yeye hugeuza gunia zima kuwa vumbi. Kwenye unga wenyewe kuna kijidudu chekundu bapa na nondo ambaye mabuu yake hufuma utando.

Unga wenye vidudu vichache chekecha, pika, kula. Unga wenye utando na mabonge tupa. Unga uliobadilika rangi na wenye harufu kali inayochoma pua nao tupa: vile vidudu vyekundu vikizidi hutoa kemikali inayoharibu unga.

Sasa yule adui niliyemtaja. Mahindi na karanga zikikaa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutengeneza sumukuvu. Fukusi hasababishi sumukuvu peke yake, ila matundu yake humfungulia kuvu mlango, na pumzi za maelfu ya wadudu huongeza joto na unyevu ndani ya gunia. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kuchekecha. Ndiyo inayopaswa kututisha, kuliko mdudu yeyote.

Afrika Mashariki tumeshazika watu kwa ajili yake. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na maeneo ya jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara, wagonjwa 68, waliofariki 20. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ni sehemu 10 tu kwa bilioni.

Kwa hiyo posho ikiwa chungu au inanukia ukungu, usijilazimishe eti kwa sababu hakuna mdudu. Mchuzi wa karanga, binyebwa, ambao Waganda wanaupika vizuri mno, uonje kidogo kwanza; karanga mbovu mara nyingi huwa chungu. Karanga ukinunua zako, chagua nzima, usinunue zilizosagwa tayari usizojua zilikuwaje.

Nimwambieje mama wa kibanda bila kumvunjia heshima?

Taratibu, pembeni, na kwa salamu kwanza. Katika Buganda kuanza na lalamiko kabla ya salamu ni utovu wa adabu, hata ukiwa na haki yote. Subiri wateja wapungue, msogelee na sahani yako: "Gyebale ko, nnyabo," yaani pole na kazi, mama. Akishaitikia, mwonyeshe: "Mulimu ekiwuka," yaani kuna mdudu humu. Inatosha. Akiwa mwanamume ni "ssebo". Hakuna haja ya kuinua sahani juu kibanda kizima kione.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Kiswahili nchini Uganda kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya jeshi. Watu wazima wa Kampala walikisikia kwenye vizuizi vya barabarani, kwa amri, enzi za Idi Amin, 1971 hadi 1979, na hata baada yake. Siku hizi mambo yamebadilika, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili na watoto wanakisoma, lakini "Mama, hiki ni nini?" iliyosemwa kwa ukali na kijana mgeni bado inaweza kumgonga mtu mahali ambapo hukukusudia. Maneno mawili ya Kiganda yanapoza hali yote.

Nitarudishiwa pesa?

Mara nyingi utapewa sahani nyingine, si pesa. Ikiwa chakula kinatoka sufuria ileile, omba kingine: matoke, mayai, chochote kinachopikwa mbele yako. Akikataa yote mawili, lipa, nenda, usirudi. Elfu tatu haistahili ugomvi katika nchi ya watu.

Nakaa Entebbe, na jioni vijidudu vinamwagika kwenye chakula kama mvua. Ni nini?

Hao ni nzi wa ziwani. Mabuu yao huishi chini ya maji ya Ziwa Victoria, kisha huibuka kwa pamoja kwa mamilioni, na kwa mbali utadhani moshi umesimama juu ya ziwa. Kundi mojawapo huibuka hasa mwezi unapoandama. Hawaumi, na wakishakuwa wakubwa hawaendi kwenye uchafu kutafuta chakula, kwa hiyo si kama nzi wa chooni. Watoe kwenye sahani ule. Zima taa iliyo juu ya meza, uwashe ya mbali, wataifuata. Mwenye pumu ajikinge, kwa sababu vumbi la miili yao hubana kifua. Pwani kadhaa za ziwa hili watu huwakusanya, huwaponda na kuwala.

Dagaa wa huku wana vidudu vyenye manyoya. Kawaida?

Hutokea. Dagaa, ambao hapa ni mukene, wengi huanikwa mchangani, na msimu wa mvua hawakauki haraka. Nzi hutaga wakiwa bado mbichi, na wakishakauka huja mdudu mwingine ambaye buu lake lina manyoya na hula samaki mkavu. Toa vichwa, osha kwa maji ya uvuguvugu mara kadhaa, kisha kaanga hadi wakauke. Wakinuka ukungu au wakisagika kama unga mkononi, usiwahangaikie.

Waganda wenyewe wanakula nsenene na kumbikumbi. Nina haki gani ya kulalamikia mdudu?

Unayo yote. Nsenene, aina ya panzi, ni chakula kinachotafutwa, kinachosafishwa na kulipiwa. Msimu mkubwa ni Novemba na Desemba, mwingine mdogo Aprili na Mei. Kwenye vilima vya Masaka utaona taa kali sana zimewashwa usiku, mabati marefu yamesimamishwa, panzi wanagonga na kuteleza hadi kwenye mapipa. Asubuhi kina mama wanang'oa mabawa na miguu, wanaosha, wanawakaanga kwa mafuta ya panzi wenyewe na kitunguu. Wahaya wa Bukoba hawahitaji maelezo haya, senene ni wao pia. Novemba 2021 video ya abiria akiuza nsenene ndani ya ndege ya Uganda Airlines iliyokuwa ikielekea Dubai ilizunguka dunia nzima, na ilionyesha jinsi watu wanavyowapenda.

Hata hivyo Waganda wa ukoo wa Nsenene kimila hawawali, ndio mwiko wao. Basi hata hapa kula mdudu ni hiari ya mtu. Fukusi kwenye maharage yako hakuna aliyemchagua. Ila tafadhali usiwaambie wenyeji "nyie si mnakula wadudu?" unapolalamika. Ni tusi, na halihusiani na jambo lenyewe.

Mimi ni Mwislamu. Chakula kilichoingia mdudu kimekuwa najisi?

Mdudu asiye na damu inayotiririka, kama nzi au fukusi, akifia kwenye chakula hakinajisi, na ndiyo kauli yenye nguvu katika madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu wa pwani tunaifuata. Hadithi ya nzi aliyeangukia kinywaji, iliyopokewa na Abu Huraira na kuandikwa na Bukhari, inasema azamishwe kisha atolewe, haisemi kinywaji kimwagwe. Wanazuoni wa Shafi wamesamehe pia mdudu aliyezaliwa ndani ya chakula akaliwa pamoja nacho. Kumtenga na kumla peke yake ndiko wanakokataza. Ukiwa na shaka zaidi, waulize mashehe msikiti mkubwa wa Old Kampala, wanapokea wageni vizuri.

Nyama ya bucha fulani haina nzi hata mmoja. Hiyo ndiyo salama?

Si lazima. Mwaka 2018 Kampala ilikumbwa na sakata la wauza nyama waliotuhumiwa kupaka nyama formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, ili isioze na nzi wasitue. Tangu hapo watu wengi hapa huiogopa nyama iliyo wazi juani ambayo nzi wanaikimbia. Vivyo hivyo maharage: gunia lisilo na fukusi hata mmoja baada ya miezi mingi linaweza kuwa limetiwa dawa. Vidonge vya kufukiza nafaka hutoa gesi inayoua binadamu. Gunia likinuka kitunguu saumu au samaki aliyeoza, na halina vitu hivyo, usinunue na usilale nalo chumbani.

Mimi namwamini muuzaji ambaye nyama yake iko ndani ya wavu au kioo kuliko yule ambaye nyama yake iko nje na haitui kitu.

Nikitaka kushtaki, niende wapi?

Kwa kibanda au mgahawa ndani ya Kampala, nenda kwa maafisa wa afya wa KCCA, mamlaka ya jiji, katika tarafa yako: Central, Kawempe, Makindye, Nakawa au Rubaga. Nje ya Kampala ni ofisi ya afya ya wilaya. Kwa bidhaa iliyofungwa kiwandani ni shirika la viwango, UNBS. Angalia alama ya Q kwenye pakiti, piga picha, weka pakiti na risiti. Kwa chakula cha hosteli anza na uongozi wa hosteli, kisha chama cha wanafunzi wa nchi yenu. Jambo likihusu jirani mnayeishi naye mtaa mmoja, mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, hulimaliza haraka kuliko ofisi yoyote.

Fukusi mmoja usimpeleke popote. Mende, funza, au watu watatu walioharisha baada ya kula sufuria moja, peleka siku hiyohiyo. Wengine wanakula hapo kesho.

Ni dalili gani zinipeleke hospitali?

Damu kwenye choo, homa kali, kutapika hata maji, mkojo kuwa kidogo na mweusi, au kuharisha maji meupe mfululizo kama yaliyooshewa mchele. Macho kuwa ya njano na tumbo kuuma baada ya siku za kula posho au karanga zenye uchungu ni hatari kubwa. Sema wazi kwa daktari ulikula nini. Ukiwa njiani kunywa ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Usinunue antibayotiki dukani kwa kubahatisha.

Tumechanga chumba kizima tununue gunia letu. Tutalitunzaje?

Uamuzi mzuri. Mnunue baada ya mavuno, si mwisho wa msimu, na mtu mmoja atie mkono hadi katikati ya gunia, asiangalie ya juu tu. Anikeni maharage juani kwenye turubai jeusi siku yenye jua kali, mkiyatandaza yawe tabaka jembamba. Joto huua mayai na mabuu. Yakipoa, jazeni kwenye madumu makavu hadi shingoni, fungeni kwa nguvu. Wadudu waliobaki wakimaliza hewa iliyomo, wanakufa. Dumu lililojaa nusu halifanyi kazi hiyo. Mkipata yale magunia ya tabaka tatu yasiyopitisha hewa ni bora zaidi.

Ya kula wiki hii yakae kwenye chupa kubwa ya plastiki, na anayepita aibingirishe asubuhi na jioni. Buu la fukusi wa maharage likianguliwa huhitaji muda mrefu kutoboa ganda, na hutoboa likiwa limejibana kati ya punje mbili. Ukizisogeza punje, linapoteza tundu lake na kuanza upya, hadi linachoka na kufa. Siku ya kupika, lowekeni usiku, mwage yanayoelea asubuhi.